Ikienda Inanyooka, Ikirudi Inayumba

Nilikuwa nimeinama juu ya cherehani, namalizia kola ya shati la shule, niliposikia mteja wangu akisema, "Mh! Huyo dereva naye."

Nikainua kichwa. Kutoka barazani kwangu barabara ya Maswa unaiona mbali, kwa sababu upande ule hakuna nyumba mpaka darajani. Pikapu nyeupe ilikuwa inakuja, mwendo wa kawaida tu, lakini haikai mahali pamoja. Ilisogea kushoto mpaka ukingo wa lami, ikarudi kulia hadi mstari wa katikati, ikaenda kushoto tena. Mtu wa baiskeli aliyekuwa mbele yake alishuka kabisa, akaisukuma baiskeli yake majanini.

Mteja hakujua lile gari ni la nani. Mimi nilijua. Dereva alikuwa mume wangu, na ulikuwa mwaka wa nne tangu aache pombe.

Sipendi kumsema vibaya mtu niliyezaa naye watoto watatu, lakini bila hilo hamtanielewa. Mume wangu alikuwa mlevi. Si wa kupiga watu. Wa kulala popote, wa kuahidi na kusahau. Aliacha mwenyewe, asubuhi moja, akasimama kanisani mbele ya watu akatangaza kuwa ameacha. Baada ya hapo tukalima pamba misimu miwili mfululizo, mimi nikashona usiku na mchana, tukanunua pikapu ya mkononi. Ilikuwa gari la zamani, lile la ekseli moja nzima mbele, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, springi za majani kama za lori. Mume wangu alichagua aina hiyo makusudi, kwa ajili ya njia za Bukundi na Nkoma ambako gari laini halimalizi mwaka. Alikuwa akikusanya dengu na mpunga vijijini, anapeleka kwa mnunuzi Maswa, anarudi na gari tupu.

Siku ile aliposhuka nilimsogelea kumpokea mfuko, nikavuta pumzi karibu na mdomo wake. Nikasikia harufu ya pipi ya mnanaa.

"Mwadila, mama," akanisalimia, kama kawaida yake.

"Mwadila. Tangu lini unakula pipi?"

"Vumbi la Nkoma linanikausha koo." Akaenda kunawa.

Mlevi yeyote anaijua pipi ya mnanaa. Usiku huo sikulala vizuri.

Kuanzia hapo nikawa askari. Asubuhi akiondoka na mzigo, nilisimama barazani nikiishikilia tepu ya kupimia kama vile nina kazi, kumbe namtazama. Gari lilikwenda limenyooka kama uzi, kutoka nyumbani hadi darajani, halitikisiki. Alasiri likirudi, lilikuwa linayumba. Si kila siku kwa kiasi kilekile. Siku za upepo ilikuwa aibu. Nikafanya hesabu ambayo kila mtu mwenye akili angeifanya: anakwenda mzima, anarudi hivi, basi kuna kitu kinatokea Maswa.

Nilinusa mashati yake kabla ya kuyafua. Nilipekua chini ya kiti cha gari, nikakuta spana, kitambaa cha mafuta, na karatasi za pipi nyingi. Nilimpigia simu yule mnunuzi wa dengu, mwanamke wa makamo niliyemwona mara moja tu, nikajifanya naulizia bei. Halafu nikapenyeza: "Na huyu wangu akishashusha, huwa anapumzika wapi?"

"Anakunywa soda hapa dukani, anaondoka," akajibu. "Kwani vipi, dada?"

Alijibu haraka mno, niliona. Nikakata simu nikiwa na shaka mbili badala ya moja.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyesema waziwazi. Alikuja kuchukua gauni lake, akakaa kwenye benchi, akanitazama. "Wifi, ndugu yangu ameanza tena. Watu wameliona gari. Wewe unanyamaza nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Unajua." Ni yeye aliyekuwa akimbeba zamani kumtoa vilabuni.

Jioni hiyo nilimuuliza mume wangu moja kwa moja, watoto wakiwa wametoka.

"Unakunywa?"

Akaweka kijiko chini. "Sinywi."

"Mbona gari linakwenda kama nyoka?"

"Gari inavuta. Nashindana nayo njia nzima. Juzi trafiki amenisimamisha, akanipulizisha kile kifaa chake, akaniacha. Mimi mwenyewe sielewi."

"Inavuta jioni tu? Asubuhi haivuti?"

Hapo akatazama mikono yake, na mimi nikachukua kuwa hilo ndilo jibu. Habari ya trafiki niliona ameitunga.

Kesho yake alilipeleka gari gereji, kwa fundi wetu wa pale mjini, na mimi nikajipa safari ya kununua nyuzi ili nipite hapo. Fundi alilizungusha gari barabarani, akarudi. Akatingisha matairi yakiwa juu ya jeki, akashika vyuma vya usukani kimoja kimoja. "Bosi, hamna kitu hapa," akamwambia mume wangu. Mume wangu alipokwenda kujaza upepo, fundi akanisogelea huku anafuta mikono.

"Mama, gari ni zima. Mimi naogopa kusema." Akainua bega. "Dereva ndiye wa kuangaliwa."

Nilimwamini. Nilimwamini mtu baki mwenye grisi mikononi kuliko mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Ninapokumbuka naona fundi yule hakunitazama usoni alipokuwa anasema, lakini siku ile macho yangu yalikuwa yanatafuta jambo moja tu.

Jumamosi nikafunga cherehani, nikapanda gari. "Leo tunakwenda wote Maswa," nikasema. Mume wangu hakuuliza kwa nini. Alifungua mlango wa upande wangu, akapangusa kiti.

Tulikuwa na magunia ya dengu yamejaa bodi. Tulikwenda vizuri kabisa, gari limetulia, mkono wake mmoja juu ya usukani. Maswa sikumwacha hata hatua moja. Alipokwenda chooni nilisimama nje. Mnunuzi alitukaribisha, akampa soda, na mimi nikainusa chupa kabla hajainywa. Yule mama aliniona. Mume wangu pia aliniona, akaigeuza chupa taratibu mezani, akaisukuma upande wangu.

"Onja kabisa," akasema. Hakuwa na hasira katika sauti, na hilo lilinichoma zaidi.

Tulianza kurudi baada ya chakula. Bodi tupu, upepo unatoka upande wa kulia juu ya mashamba yaliyovunwa. Hatujamaliza hata dakika tano nikaona gari linaanza. Lilisogea kushoto lenyewe. Akalirudisha. Likapitiliza. Akalirudisha tena. Mikono yake haikupumzika, alikuwa anafanya kazi kama mtu anayemshika ndama asiyetaka kufungwa. Jasho lilimtoka kwenye kidevu. Huyu ni mtu niliyekuwa naye tangu alfajiri, aliyekunywa soda moja na maji.

Mbele lilitokea lori la pamba. Lilipotupita, upepo wake ulitusukuma, na pikapu ikaacha lami. Nilisikia changarawe chini, nikaona mti unakuja, nikapiga kelele. Alilisimamisha hatua chache kabla ya mtaro. Vumbi likatupita.

Alizima gari. Alikaa kidogo, kisha akashuka, akazunguka hadi mlango wangu, akanipa ufunguo.

"Endesha wewe," akasema. "Leseni unayo. Mimi nimechoka kuonekana mwongo."

Nilikuwa nimezoea kuendesha mjini tu, sokoni na kanisani, polepole. Nilikaa kwenye usukani nikiwa bado nafikiri, Mungu anisamehe, kwamba mikononi mwangu gari litanyooka na nitakuwa nimemkamata. Halikunyooka. Nilipoongeza mwendo, lilianza kutafuta njia yake. Nikalivuta kulia, likaja zaidi ya nilivyotaka. Na kwenye kona ndogo kabla ya kijiji nikagundua jambo la ajabu: nilipolegeza mikono baada ya kona, usukani haukurudi. Ulibaki palepale nilipouacha. Gari lolote nililowahi kuendesha, ukitoka kwenye kona usukani hurudi wenyewe katikati.

"Hairudi," nikasema.

"Hairudi," akakubali. "Tangu lini nakwambia?"

Hakuwa ameniambia hivyo hasa. Au alikuwa ameniambia na sikusikia.

Pembeni mwa barabara wanawake wanne walikuwa wamekaa juu ya magunia ya viazi vitamu, wakasimama na kutupungia. Nilisimama. Walipakia magunia yote, wakapanda wao juu yake, na springi za nyuma zikalia. Nikaondoka. Sijui nieleze vipi. Gari lilikuwa lingine. Lilinyooka. Upepo uleule, barabara ileile, mimi yuleyule. Mume wangu aligeuka akanitazama, nami nikamtazama, na tukaelewa pamoja kwa nini asubuhi ni salama na jioni ni balaa. Asubuhi kulikuwa na mzigo. Jioni bodi lilikuwa tupu. Ni hivyo tu. Nilikuwa nimemhukumu mume wangu kwa magunia ya dengu.

Sikuomba msamaha siku hiyo.

Jumatatu hatukurudi kwa fundi wetu. Tulikwenda Nkoma kwa mzee mmoja anayetengeneza matrekta ya wakulima wa pamba, mtu wa maneno machache. Aliuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza: "Kabla haijaanza kuyumba, iliguswa wapi?"

Mume wangu akafikiri. Springi za mbele zilikuwa zimelala, akasema, zikashushwa zikakunjwa upya pale gereji mjini. Lini? Mwezi uleule wa mwanzo wa yote.

Mzee aliingia chini ya gari, akakaa humo muda. Akaniita kwa neno letu la mama. "Mayu, njoo uone na wewe." Nilikunja kanga nikalala chini kwenye vumbi. Kati ya springi na ekseli kulikuwa na kipande cha chuma, kabari, upande mmoja mnene na upande mwingine mwembamba. Akakigonga kwa bisibisi. "Hiki kimegeuzwa. Kule pia kimegeuzwa."

Alipotoka alinionyesha baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani. "Unaona huu uma wa mbele? Haukusimama wima. Juu umelala kumwelekea anayeendesha, chini umetangulia. Ndiyo maana kijana anaachia mikono na baiskeli inakwenda. Ekseli ya gari lenu nayo inatakiwa ilale hivyo, kidogo tu. Kabari ndiyo inailaza. Mtu ameiweka kinyume, ekseli imesimama wima, tairi hazijui kwa kurudi. Mkipakia, nyuma inashuka, pua inainuka, ekseli inapata kulala kidogo. Mkishusha, mnarudi kwenye taabu."

Alifungua bolti, akageuza zile kabari mbili, akafunga. Kazi ya asubuhi moja. Tulitoka na gari tupu, mume wangu akaendesha hadi barabara kuu, akaongeza mwendo, kisha akainua mikono yote miwili juu ya usukani. Gari lilikwenda mbele. Alipokata kona akaachia, usukani ukarudi wenyewe, taratibu, ukatulia katikati. Akaanza kucheka.

"Wabeja, baba watoto," nilisema. Ndiyo asante yetu, neno pekee lililonijia, na halikuwa lile la kuomba msamaha.

Kwa fundi wa mjini nilikwenda peke yangu. Nilimuuliza nani aliyefunga springi zile. Akasema kibarua, ambaye hayupo tena. Nikamuuliza kama alijua, siku ile aliponiambia dereva ndiye wa kuangaliwa. Akasema, "Mama, mimi ningejuaje?" na akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mbele yake. Mpaka leo sijui. Kuna siku naamini ni ujinga tu, kuna siku naamini aliliona kosa lake chini ya gari letu na akaamua kumtupia mtu mwenye historia, kwa sababu aliyewahi kuwa mlevi ni rahisi kumtupia.

Mume wangu aliniomba jambo moja: nimwambie dada yake, na niseme yeye mwenyewe akiwepo. Tulimwita. Nilimweleza wifi kila kitu, pamoja na chupa ya soda. Wifi alilia, akamshika mdogo wake shingoni. Kisha, akiwa anafunga viatu mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sawa, ni gari. Lakini endelea kumwangalia." Mume wangu alisikia. Alikuwa amesimama nyuma yetu.

Siku hizi akifika Maswa ananipigia simu. Ananiambia amefika, amekula nini, amekaa na nani, anaondoka lini. Sijawahi kumwomba afanye hivyo. Nimemwambia aache, si mara moja. Ananijibu "sawa, mama," na safari inayofuata anapiga tena.