Mama amekataa kudungwa na muuaji

Leo mama yangu amekataa sindano kwa sababu nesi ni muuaji.

Muuaji wa filamu, jamani. Ile ya majambazi iliyorekodiwa kwetu Busia nikiwa mdogo. Jana tuliitazama tena nyumbani. Aliyeigiza bosi wao siku hizi anauza mitumba mpakani, hiyo najua. Kumbe aliyeigiza yule muuaji aliyekuwa akimtuma ni nesi hapa hospitalini Tororo.

Malaria imempanda mama, mwili unawaka, na bado ameng'ang'ania mlango. Mimi sikai, sisimami. Mngefanya nini?

"Nilikuona ukimnyonga yule kijana," mama akamwambia nesi.

Nesi akajibu taratibu, "Mama, hata mimi mwishoni walinipiga risasi."

Mama akamtazama sana. Akaketi, akapandisha mkono wa gauni.

"Haya, dunga. Lakini mkono huo mwingine uweke mezani niuone."