Kabati Lililoingia kwa Kung'oa Mlango

Kabati lenyewe lilikuwa la bure. Kuliingiza nyumbani kulinigharimu shilingi mia tisa. Nimehesabu mara mbili: mkokoteni kutoka Kawangware hadi Kibera, fundi aliyeng'oa fremu ya mlango, na fundi yuleyule aliyeirudisha.

Dada yangu mkubwa alikuwa amefanya kazi ya nyumba kwa Wajapani kwa miaka mingi. Waliporudi kwao wakamwachia kabati la jikoni la nyanya yao: mbao kuukuu zenye rangi ya chai ya strungi isiyo na maziwa, chini milango ya kuteleza, juu milango ya fito nyembamba zinazopitisha hewa. Chumba chake cha Kawangware kilijazwa na kitanda peke yake.

"Niwekee tu," aliniambia. "Nikipata nyumba kubwa nitalichukua. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho pale."

Siku ya kulibeba hakuwepo. Alikuwa kwenye kibarua cha kufua.

Mke wangu aliuza omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, sokoni Kisumu Ndogo, hapo hapo Kibera. Mvua ikinyesha, zilizobaki zilishika ukungu guniani, na panya hawakukosa fungu lao. Akajaribu kuziweka nyuma ya zile fito. Zikakaa kavu kama zimetoka juani. Kuanzia hapo karo ya watoto ilitoka kabatini humo. Harufu yake ilishika mbao; niliisikia, nikafungua dirisha tu.

Kisha dada akaja. Alikuwa amepata vyumba viwili. Mke wangu alikuwa amelisugua kabati kwa sabuni na ndimu tangu asubuhi. Dada akafungua, akaingiza kichwa, akanusa.

"Wifi, nisamehe," mke wangu akasema. "Nimekuharibia."

"Kuharibu nini? Nyanya wa pale aliweka visamaki vikavu humu humu, vya kuchemshia supu. Nilipoanza kazi lilinuka hivi hivi." Akapapasa ubao. "Na mvua ikianza, omena utaziweka wapi?"

Mimi nilikuwa nishaanza kumtafuta kichwani yule fundi wa kung'oa mlango.

Dada akashika sehemu ya juu. "Wewe, shika huko. Inua."

Kabati likaachana katikati, bila msumari hata mmoja.

"Linatoka?" nikauliza.

"Si ni mawili, moja limekalia lingine! Kwani mliliingizaje?"

Nikaangalia mlango. Mke wangu akacheka hadi akashika ukuta. "Muulize fundi aliyekula pesa za ndugu yako mara mbili!"

Dada akaondoka na la chini, la fito akatuachia.

Miaka imepita; sasa tunakaa nyumba ya mawe, na la fito liko juu ya friji, halina omena tena. La chini bado liko Kawangware, na dada amezeeka. Mke wangu anataka tumpelekee hili la fito ili kabati likae kamili. Dada naye anasema tuje tuchukue la chini, zawadi haidaiwi. Kila mmoja amekasirika kwa kupewa. Nyinyi mnaonaje, lihamie wapi? Nishaurini, ila msiniambie nipime mlango.