Koti la Kupandia Barafuni

Mwalimu Coletha amewafundisha wasichana wa Kahama habari za barafu ya Kilimanjaro kwa miaka kumi, na hajawahi kuikanyaga.

Mwaka 1977 alikuwa nyumbani Ushirombo, likizo ya mwaka wake wa pili wa kusomea miamba Chuo Kikuu, padre alipomletea barua kwa baiskeli. Wanafunzi sita wangepanda mlimani kupaka rangi nyekundu kwenye mawe pale barafu inapoishia, ili watakaokuja mwakani wajue imerudi nyuma hatua ngapi. Kwa mara ya kwanza nafasi moja ilikuwa ya msichana. Gari lingeondoka Dar es Salaam tarehe ishirini Agosti. Kila mmoja aje na koti zito na buti.

"Hiyo barafu inatembea?" akauliza baba yake, mzee Clemens.

"Inatembea, baba. Polepole, inaburuta mawe."

"Basi ni mchimbaji mwenzangu!" Mzee akacheka hadi akakohoa.

Ujana wake aliumalizia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Geita, na ndiye aliyemchorea binti yake mavumbini, kwa kijiti, jinsi mwamba mweupe wenye dhahabu unavyolala ardhini. Alikwisha kuacha, akarudi kwenye pamba. Lakini pamba ya mwaka ule ilikuwa haijalipwa. Siku ya tatu akabeba sururu.

"Wiki moja tu, mayu," akasema, akimwita mama, kama Msukuma amwitavyo binti anayempenda.

Tarehe tano Agosti duara likamfunika.

Coletha alifika machimboni kesho yake na baba yake mdogo, Onesmo. Wanaume walikuwa wakifukua wima, kutoka mdomoni kwenda chini. Yeye akawekwa mbali, kwa wapika uji.

"Baba mdogo, mwamba wa baba unalala kuelekea machweo, naye huufuata. Wafukue pale kwenye mti mkavu."

"Mwiko unaujua. Mwanamke akisogelea duara, dhahabu inakimbia."

"Sitafuti dhahabu. Namtafuta baba."

"Msomi huyo!" akadakia mchimbaji mmoja, Marselino. "Chuo kimempa macho ya fuko!" Wawili watatu wakacheka, kisha wakaona haya, maana alikuwa mfiwa.

Siku zikapita. Kwao matanga hayaanzi bila mwili, na mtoto wa kwanza hatoki nyumbani kabla ya kunyolewa nywele, siku saba baada ya maziko. Coletha alijua hesabu hiyo. Kama wangefukua penye mti siku ile ya kwanza, angewahi treni ya Dar es Salaam. Alijichukia kwa kuhesabu, na akaendelea kuhesabu.

Siku ya tisa, wanaume walipochoka mikono, Onesmo alichukua sururu, akaenda peke yake kwenye mti mkavu. Marselino akamfuata. Jua halijazama, wakamfikia mzee.

Ndani ya kibanda chake cha machimboni walikuta furushi kubwa la magazeti limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na koti la sufu, zito, la mtumba, lenye vifungo vyote. Koti alikwisha kulipata. Alikuwa amerudi shimoni kutafuta buti.

Walimzika Ushirombo tarehe kumi na sita. Padre akapeleka simu ya maandishi Dar es Salaam, na jibu likaja upesi: pole sana, nafasi amepewa kijana mwingine.

Tarehe ishirini, saa saba mchana, waombolezaji walimkuta Coletha mkekani, katikati ya ua, amevaa lile koti. Jua lilikuwa linapasua mawe. Shangazi yake Generoza akainuka kwenda kumvua.

"Utaugua, mwanangu! Hebu lete."

"Mwache," akasema mama yake. "Mwache avae leo."

Jasho likamtiririka Coletha hadi shingoni. Hakufungua kifungo hata kimoja.