Bushi Zilizokazwa Juu ya Jeki

Nakumbuka ile Jumatatu, mwanangu, gari la Dresa Mghanga liliporudi gereji kwetu Voi mara ya pili, likigonga mbele ngo-ngo-ngo, nami nikatamani kulipiga nyundo. Miaka ya hamsini hiyo. Nilikuwa kijana, nimejifunza ufundi miaka miwili tu na tayari najiona nimehitimu.

Mghanga alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, na gari lake kuukuu ndilo lililompeleka Kishushe kila wiki. Barabara ya kule waijua. Wakati huo ilikuwa mbaya zaidi. Ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele ilikuwa imepinda, na bushi zake, yaani mpira unaokaa kwenye ncha za mkono ili chuma kisisage chuma, zimekwisha. Nikabadilisha zote. Baada ya wiki mbili tu, mpira ukachanika. Jumatatu hiyo nikaweka mwingine.

Fundi mkuu wetu, Mzee Mwadime, alikuwa ameniambia: "Bolti za bushi usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Literemshe, likalie magurudumu yake, ndipo ukaze."

Nilimsikia vizuri. Lakini gari likishateremka, chini hakuna nafasi. Unaingia kwa kujiburuta, vumbi jekundu machoni, spana haizunguki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sikutaka kuinama. Nikakaza juu ya jeki, kama mara ya kwanza, nikapangusa mikono.

Tena nikafungua mdomo. "Dresa, tatizo ni wewe. Unaendesha kama unafukuzwa na ndovu." Mtu wa rika la baba yangu! Hata leo naona haya.

Alinitazama, akasema, "Sawa, kijana. Nitaenda polepole."

Akaenda polepole. Siku ya nne tukapata habari: akiteremka kwenye kijito kikavu, alipokanyaga breki, gurudumu la kushoto lilijivuta pembeni, gari likaingia mtaroni. Dresa akavunjika mkono wa kulia.

Gari lilipovutwa hadi gereji, Mzee Mwadime alifungua bushi mwenyewe. Mpira ulikuwa umesokoteka kama nguo iliyokamuliwa.

"Ulikazia wapi?"

Nikainama kuokota bolti.

"Nakuuliza, ulikazia wapi?"

"Juu ya jeki, mzee."

Akaitupa spana chini. "Nimekuambia mara ngapi? Gurudumu likining'inia, mkono wa gari umeelekea chini, na ukikaza hapo mpira unashikwa hivyo hivyo. Gari likishuka, mkono unapanda, mpira unanyongwa kabla halijatoka hata mlangoni! Halafu unamlaumu mwenye gari! Sasa watu wa Kishushe watafungwa vidonda na nani? Na wewe?"

Nililala chini ya gari lile, likiwa juu ya magurudumu yake, nikakaza bushi mpya huku miguu ya Mzee Mwadime imesimama karibu na kichwa changu. Kisha akanituma kwa Dresa kuomba msamaha.

Dresa alinisikiliza mpaka mwisho. "Mkono utapona," akasema. "Lakini siku zile zote niliendesha nikijilaumu. Nilidhani kweli nimezeeka, nimesahau kuendesha gari. Hilo ndilo ulilonifanyia."

Mpaka mfupa ulipounga, mimi ndiye niliyempeleka Kishushe kila wiki, nikimshikia ncha ya bendeji, akifunga kwa mkono wa kushoto. Bibi mmoja tuliyekuwa tukimfunga kidonda aliuvuta mguu wake akauliza, "Huyu ndiye aliyemvunja dresa wetu?" Nikaitika, ni mimi.

Basi, mwanangu, juzi nimekusikia ukimfokea mteja kwamba bushi za siku hizi ni feki na barabara ni mashimo. Labda. Lakini nilikuona ukikaza, na gari lilikuwa juu ya jeki. Nimechoka kusema, ila nitasema tena. Ulichoambiwa na aliyekutangulia, kifanye hata kama kinakuchafua shati. Kazi ikiharibika, anza kuukagua mkono wako mwenyewe. Na ukikosa, sema umekosa siku hiyo hiyo, usimwache mtu asiye na kosa alibebe lako njia nzima.

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, akuzidishie ujuzi, na kila atakayetoka kwako na gari lake afike kwao mzima. Amina. Haya, nenda ukamwite yule mteja arudi.