Mzee Asiyepiga Hodi

Habari za msiba zilinifikia sokoni Soni nikichagua karoti. Mama muuza mboga aliniambia bila kuacha kupanga mafungu yake, "Mwalimu, yule mzee wako wa maziwa amekwenda." Nikamuuliza amekwenda wapi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Amefariki, mwalimu. Tunazika kesho." Wasomaji wa safu hii mnanijua, mimi si mtu wa kulia hovyo. Siku ile nililia mbele ya karoti, na yule mama akanifungashia mzigo wangu bila kuniuliza neno.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Kwaya iliimba, manyunyu yakapita, na mzee wa kanisa akasimama kusema kwamba marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, mtu asiyegombana na jirani. Yote ni kweli. Lakini upole ule ulikuwa na chanzo chake, na chanzo chake kilikuwa damu. Marehemu mwenyewe aliniruhusu niandike akishatangulia, kwa masharti kwamba nisimtaje jina na nisimpambe. La jina ni jepesi. Hilo la kutompamba nitajitahidi, maana nilimpenda.

Kwa miaka mingi alituletea maziwa kutoka kwake Soni mpaka nyumbani kwetu Lushoto. Alifika na kidumu chake ukungu ukiwa haujainuka, akasimama chini ya baraza, kimya. Hapigi hodi. Akionekana, anasema "Onga makeo," salamu yetu ya asubuhi, anamimina maziwa, anaondoka. Asipoonekana anasubiri, hata mvua inyeshe. Mke wangu alichoka. "Baba, si upige hodi? Utapata nimonia hapo nje." Naye akajibu, "Maziwa hayana haraka, mama." Mke wangu hashindwi kwa maneno: "Maziwa hayana, baba, lakini mimi ninayo!" Tulicheka, tukazoea. Wengine hawakucheka. Huku kwetu, mtu anayesimama nje ya nyumba ya watu bila kubisha huitwa mwizi au mchawi, na yeye aliitwa yote mawili akishapita.

Kisha ukaja mwaka ambao wizi ulizidi mtaani kwetu. Mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia kutoka mashamba ya chai ya Bulwa alifungua mlango alfajiri, akaona mtu amesimama kwenye ukungu. Mumewe alikuwa ameagiza maziwa jana yake, akasahau kumwambia. Mama wa watu akapiga yowe, "Mwizi!" na vijana wakatoka kila upande kana kwamba walilala na viatu miguuni. Nilipofika walikuwa wameshamwangusha. Walimpiga fimbo, mateke, na matofali yaliyopangwa pale kwa ajili ya kujengea choo. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Ni mlio mdogo tu, kama wa kijiti kikavu cha kuwashia moto, na mpaka leo nikiusikia jikoni natoka nje. Maziwa yalimwagika yakachanganyika na damu na matope. Kijana mmoja alimkanyaga kifuani akafoka, "Sema! Kama we si mwizi, mbona hukupiga hodi?" Jibu lolote lingemwokoa. Angesema "Nimeleta maziwa," basi. Lakini aliposikia swali lile alifumba jicho lake moja lililokuwa bado linafumbuka, akanyamaza, kama mtu aliyesomewa hukumu yake akaikubali. Mwingine alikuwa ameshakimbilia petroli. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikapata teke langu. Aliyemwokoa ni jirani yetu, mwinjilisti, mtu wa mwili mkubwa, aliyejitupa juu yake akalala pale. "Huyu ni muuza maziwa, mbwa nyie! Mnataka kumchoma mtu kwa kidumu cha maziwa?" Sijamsikia mwinjilisti yule akitukana kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Hospitalini nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa na hasira, tena zaidi na yeye kuliko na wale vijana. Nikamuuliza kwa ukali, neno moja lenye silabi mbili lina uzito gani hata mtu akubali kufa kuliko kulitamka? Ndipo akaniambia. Alikwenda Unguja akiwa kijana, kama Wabara wengi wa wakati ule, kuchuma karafuu. Kijijini alikofikia kulikuwa na duka la Mmanga mmoja mzee, maana ndivyo walivyoitwa Waarabu wa hali ya chini waliotoka Omani wakafungua viduka mashambani. Alipougua malaria, mzee yule alimlaza kwenye stoo yake, mkewe akamkorogea uji, na tangu hapo hakumwita kwa jina lingine ila mwanangu. Ikaja Januari ya mwaka sitini na nne, Mapinduzi. Kikundi chenye mapanga kilipita njiani, naye akakifuata. Alinisisitizia kwamba hakulazimishwa. Alifuata kwa sababu kila mtu alikuwa anafuata, na kwa sababu, alisema akitazama ukuta, kidogo ilikuwa tamu.

Duka lilikuwa limefungwa kwa komeo zito. Kiongozi wao akamgeukia: "We Mbara, sauti yako anaijua. Piga hodi." "Nikapiga ya kwanza, kimya," mzee alinisimulia. "Ya pili, kimya. Ya tatu akauliza, nani? Nikataja jina. Nikasikia anaondoa komeo, mwalimu. Akafungua, akanishika mkono. Akasema, 'Ingia upesi, mwanangu, huko nje kumeharibika, watakuua.' Alidhani nakimbia. Alikuwa ananihurumia mimi." Walimkata palepale mlangoni, akaangukia magunia yake ya mchele. Walipita juu yake wakaingia ndani, wakamkuta mwanawe wa kiume, wakammaliza chini ya kitanda alikojificha. Mke alitorokea mlango wa uani akiwa na mtoto mchanga wa kike mgongoni. "Sikumkata mtu," mzee alisema. "Nilibaki nje. Nilidhani hilo litanifaa uzeeni. Halijanifaa."

Najua wako watakaonikemea kwamba nayachafua Mapinduzi. Sina nia hiyo. Visiwa vile vilitawaliwa na masultani waliojenga utajiri kwenye migongo ya watumwa waliopanda mikarafuu. Halafu wakubwa wa Ulaya wakakaa mezani, Mjerumani akabaki na milima yetu hii na Lushoto akaipa jina la mfalme wake, Mwingereza akachukua visiwa akajiita mlinzi. Akamlinda sultani. Uhuru ulipokuja ulimkuta mchumaji karafuu palepale alipokuwa, na bendera haikumaliza hata miezi miwili. Hasira ile ilikuwa na sababu, na anayeikana hajui historia au anaijua sana. Lakini sultani aliondoka salama na meli yake. Aliyekatwa ni muuza mchele. Ghadhabu ya watu wengi haina subira ya kumtafuta mkubwa aliko, huishia kwa jirani ambaye mlango wake unajulikana. Vijana wetu nao walikuwa wameibiwa kweli, na mwizi wao hawakumpata. Tunawafundisha watoto kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, nami tangu siku ile hospitalini methali hiyo hunikwama kooni.

Alipopona, mkono ukiwa umeunga vibaya, aliniomba kitu. Yule mtoto wa mgongoni alikuwa hai, sasa bibi mtu mzima, anaishi Ng'ambo, mjini Unguja. Alikuwa amemtafuta kwa kuulizauliza miaka nenda miaka rudi. "Nataka anisikie kabla sijafa," alisema. "Kunisamehe ni juu yake. Anisikie tu." Nikampeleka. Tulivuka kwa boti ya abiria, naye njia nzima hakula. Mbele ya mlango wa bibi yule alisimama kimya kama alivyosimama kwangu miaka yote, mpaka wapita njia wakaanza kututolea macho. Nikainua mkono ili nibishe mimi. Akaukamata kwa ule wake uliopinda. "Hii ni yangu, mwalimu."

Akapiga hodi. Sauti ilitoka imekauka, ikabidi arudie. Ya tatu ikajibiwa kutoka ndani na sauti ya mwanamke: "Nani?" Akataja jina lake, akataja na kijiji lilipokuwa duka. Sauti ikaja karibu kabisa na mlango. "Jina hilo mama yangu kafa nalo mdomoni. Umekuja kutaka nini?"

"Nimekuja kusema ni mimi niliyepiga hodi."

"Najua kama ni wewe. Nenda zako, mzee. Mimi mlango sikufungulii."

Nami kwa ujinga wangu nikaingilia kati. "Bibi, shikamoo. Mzee huyu ametoka mbali sana."

"Na baba yangu aliko, si mbali?" Halafu tukasikia komeo la pili likisukumwa. Mzee akainamisha kichwa mbele ya zile mbao. "Ahsante, bibi," akasema, na tukaondoka.

Kwenye boti nilinung'unika, nikasema yule mama ana roho ngumu, angalau angetupa maji. Mzee alinikatiza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Nyamaza, mwalimu. Amefanya vizuri. Baba yake angefanya hivyo, angekufa kwa uzee wake."

Kila mwaka nasikia watu wakihimiza kwamba yaliyopita yamepita, tusifukue makaburi, tukumbatiane. Nimeanza kuwaangalia wasemaji hao, na wengi wao ni watu ambao hawakuzika mtu. Wanadai msamaha haraka, kwa kishindo, na anayesita wanamwita mchochezi. Yule mtu wa Soni alinifundisha vingine. Aliyekosa ana wajibu wa kwenda mwenyewe, kutaja jina lake na kusema alilolitenda, hata kama miaka sitini imepita na hakuna anayemdai. Kufunguliwa si haki yake. Hiyo ni mali ya aliye ndani, na serikali, kanisa, msikiti au mwandishi wa gazeti hana ruhusa ya kuigawa kwa niaba yake. Mzee alirudi milimani akaendelea kukamua ng'ombe wake kwa mkono mmoja na nusu mpaka pumzi ilipomwishia. Sijui huko alikokwenda kama amefunguliwa. Ninachokijua ni kwamba mlango hatausukuma.