Wimbo Uliokwisha Uzwa

Mpaka anatimiza miaka hamsini, Feleti Havea hakuwahi kutaja bei ya wimbo. Mtu akifiwa pale kijijini Lotofangai, au katika vijiji vya jirani upande ule wa Hihifo, jamaa zake walimjia na nguruwe na mkeka, wakaketi, wakalia kidogo, kisha Feleti akaanza kuwahoji. Marehemu alipenda ua gani? Alichota maji wapi? Kitu gani kilimkasirisha? Akishapata ya kumtosha alijifungia na sigara zake, na akitoka, alitoka na wimbo usiofaa kuimbiwa mtu mwingine yeyote chini ya jua. Kwaya ikafundishwa, maiti ikazikwa nao, kazi yake ikawa imekwisha. Feleti akarudi nyumbani na paja la nguruwe na shukrani nyingi.

Shida ya paja la nguruwe ni kwamba watu wa umeme hawalipokei. Shida ya shukrani ni kubwa zaidi, maana hata mbwa hazili.

Aliyemfumbua macho ni Lesieli, binti wa dada yake. Lesieli aliuza simu mjini Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu, na kama ilivyo kwetu, mtoto wa dada hamwombi mjomba wake ruhusa wala hamwonei haya. Akitaka ndizi anakata, akitaka shati analivaa mbele ya mwenyewe.

"Mjomba, wewe huuzi nyimbo," alimwambia Jumapili moja baada ya kanisa, huku akijifungulia kifurushi cha mwisho cha lu, majani ya jimbi na nyama ya kopo, ambacho Feleti alikuwa amekiweka kwa ajili ya jioni. "Unauza siku zako. Siku ukishaiuza imekwenda, na kesho huna tena ya kuuza."

"Toka hapo. Hicho ni chakula changu."

"Chako tangu lini? Hebu nisikilize. Watu wetu wa Auckland na Sydney wanafiwa kila wiki, na hawana wa kuwatungia. Tunga tatu tu. Wa mama, wa baba, wa kijana. Acha mapengo ya jina na kijiji. Mimi nakurekodi, nauza kwa simu. Unatunga mara moja, unakula mpaka meno yakuishe."

"Yameshaanza kwisha. Na ua je? Na kisima? Kila mtu ana ua lake, mtoto wewe."

"Mwenye ua ataliandika. Asiyeandika tunamwekea la kwetu. Msiba umemkuta yuko kiwandani zamu ya usiku, unadhani atakaa kuchagua maua?"

Feleti alicheka. Lakini mtoto alikuwa amesema kweli, na ukweli unaoleta fedha haukai sana masikioni bila kushuka moyoni. Akatunga tatu.

Wa baba aliujaza mambo ya baba yake. Wa kijana aliujaza mambo ya rafiki yake aliyekufa kwa pikipiki. Wa mama ulimsumbua, kwa sababu mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, Talahiva, mama yake Lesieli. Basi wa mama akaujaza mambo ya Talahiva.

Lakini kaka anajua nini juu ya dada yake? Sauti ya Feleti ilipoanza kukwaruza alihamishiwa kibanda cha wavulana nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hakuingia tena chumba alichokuwamo dada. Hakutania mbele yake, hakujinyoosha mkekani akiwapo, hakutazama anachokula. Hivyo ndivyo dada anavyoheshimiwa. Aliyoyajua juu ya Talahiva aliyajua kutoka upande wa pili wa ukuta. Alijua mlio wa nyundo yake ya mti alipoponda magome ya kutengenezea kitambaa cha ngatu: mapigo mawili mazito na moja jepesi, kama mtu anayebisha hodi halafu akasita. Alijua taa yake, ambayo mwanga wake ulibaki chini ya mlango mpaka wa mwisho awe amerudi nyumbani. Alijua harufu ya mafuta yake ya nazi yaliyotiwa mlangilangi, na kisima cha nyuma ya kanisa alikooshea nywele. Yote hayo Feleti aliyatia katika wimbo wa mama. Hakubakiza, kwa kuwa mfanyabiashara mwerevu haanzi soko na bidhaa ya pili kwa ubora.

Na ilikuwa biashara nzuri, asikudanganye mtu. Wimbo wa mama uliziacha mbali zile mbili. Wateja waliandika jina la marehemu na kijiji, basi. Kwingine kote waliacha wazi, na Lesieli akawaachia nyundo, taa, mafuta na kisima. Feleti akaezeka bati jipya. Akajenga tangi la maji. Akanunua gari kuukuu la mizigo, akawa anapeleka viazi vikuu vyake sokoni mwenyewe badala ya kunyonywa na wachuuzi. Aligundua kwamba bidhaa haina tabia za mtunzi: haichoki, haiombi sigara, haimwonei huruma mteja ikashusha bei.

Viazi vikuu vya kwanza kuchimbwa kila msimu alimpelekea dada, kama ipasavyo. Alivishusha barazani, akaketi kwenye ngazi na kuupa mlango mgongo, Talahiva akazungumza kutoka ndani. Mwaka huo sukari ilikuwa imeshaanza kumla mguu.

"Kaka Feleti."

"Naam, dada."

"Juzi nilikwenda kumzika mama yake Kalisi, yule wa duka la mikate. Kwaya ikaimba. Nikasikia nyundo yangu."

Feleti akatazama vidole vya miguu yake.

"Mwanamke yule hakuponda gome hata siku moja. Alikuwa anakanda unga. Watu wanamlilia kwa nyundo yangu, na mimi nimekaa pale nimejifunga mkeka wa msiba kiunoni, najisikia kama maiti ndiyo mimi."

"Dada, ni biashara tu ile. Wanaacha mapengo, tunayajaza."

"Sijakukataza. Bati nimeliona, zuri. Lesieli naye anakula humo humo. Ila siku yangu ikifika, nitungie wangu. Usinizike na vitu ulivyokwisha wauzia watu. Nitafutie vingine."

"Nimesikia, dada."

Feleti aliwahi kubishana bei na nahodha wa meli ya mizigo mpaka nahodha akavua kofia. Lakini dada akikuomba kitu hakuna mapatano, unakwenda kukitafuta.

Angekitafuta wapi? Kumuuliza mwenyewe hakukuwezekana. Kumuuliza Lesieli kungekuwa aibu, mwanamume mzima anachungulia chumba cha dada yake kupitia kwa mtoto. Tena Lesieli angemtania mpaka Krismasi. Basi akaahirisha. Alijiambia wagonjwa wa sukari huishi miaka na miaka, na kwamba wimbo mmoja si kitu kwa mtu aliyetunga mamia.

Hospitali wakamkata Talahiva mguu. Kidonda hakikufunga. Kabla viazi vikuu vya msimu uliofuata havijachanua majani, Feleti aliletewa habari shambani, akaacha jembe limesimama udongoni.

Alijifungia na sigara zake kama zamani. Akatafuta. Kila alipofumba macho ilimjia nyundo, ikamjia taa, yakamjia mafuta, kikamjia kisima. Akavifukuza, vikarudi. Miaka hamsini na zaidi katika uwanja mmoja na dada, na hakuwa na kitu kingine. Hakujua alicheka vipi akiwa na wanawake wenzake. Hakujua aliogopa nini. Mteja yeyote kati ya wale wa kwanza, waliokuja na nguruwe wao, angejibu maswali yale yale bila kukuna kichwa.

Ndipo akafanya kama mwenye duka aliyebaki na mzigo wa mwaka jana: akabadilisha mfuko. Aliyachukua maneno yale yale, akayatungia sauti mpya kabisa, nzuri kuliko ya kwanza, na akajipigia hesabu. Wateja wangu wako ng'ambo, alijiambia. Hapa nyumbani nani anaujua?

Hesabu hiyo ilikuwa mbovu, na mtu wa biashara kama yeye, tena aliyekwisha ambiwa habari ya maziko ya mama yake Kalisi, alipaswa kuiona. Mlipaji yuko Sydney, lakini maiti iko hapa. Wimbo unanunuliwa kule na kuimbwa huku, na kwaya inayouimba ni ya huku.

Siku ya maziko Feleti hakuwa karibu na jeneza. Mbele ya dada yake kaka ni mtu wa chini, hata dada akiwa amekufa. Alivaa mkeka mkuukuu uliochanika, mpana mpaka ukamfunika kifua, akakaa kwenye moshi nyuma ya nyumba pamoja na wanaopika, akigeuza mawe ya moto kwa kijiti. Alisikia tu. Kwaya ilianza vizuri. Sauti mpya ikapanda, watu wakanyamaza kuisikiliza, na Feleti akaacha kugeuza mawe.

Ukafika mstari wa nyundo.

Maneno yale yalikuwa yamezoea sauti yake ya zamani, na waimbaji wakaifuata. Kwanza akahama mwanamke mmoja mwenye sauti nene, kisha safu yake, kisha kwaya nzima ikateremka kwenye sauti ya zamani kama gari lililokatika breki. Na wageni waliokuja na mikeka yao kutoka vijiji vyote vya Hihifo wakadakia kwa nguvu, maana nao waliujua. Kila mmoja alikuwa amemzika mtu nao. Wakalia sana, kila mtu na wake.

Maka, kiongozi wa kwaya, akaja nyuma mbio huku ameshika mkeka wa kiunoni usimdondoke.

"Feleti, umenifanyia nini? Wamenihama! Hawa huimba maneno hayo kila Jumamosi kwenye misiba ya watu. Ulitegemea niwazibe midomo?"

Nyuma yake alikuwa Kalisi wa duka la mikate, macho yamemvimba.

"Mwache, Maka," alisema. "Mimi nimelia vizuri, nimemlilia mama upya." Kisha akamgeukia Feleti. "Ila ule wimbo nilidhani tuliununua. Kumbe tulikodi! Kaka yangu aliyelipa yuko Sydney, nitamwambiaje? Kwamba mama yetu na dada yako walioshea nywele kisima kimoja?"

Mpishi mmoja akacheka, akaona wenzake hawacheki, akajidai kukohoa moshi.

"Beti mbili zimebaki," Maka akasema. "Niendelee au niache?"

Feleti alikuwa ameshika kijiti, ncha yake inawaka. "Imbeni wa kitabuni," akasema.

"Wa kitabuni upi?"

"Wowote. Ule mnaowaimbia wote."

Basi Talahiva akateremshwa kaburini kwa wimbo wa kitabu cha kanisa, kama mtu asiye na ndugu mtunzi.

Watu walipoanza kula, Lesieli akaja kukaa majivuni kando ya mjomba wake. Hakugusa chakula chake, wala cha mtu mwingine.

"Ungeniuliza, mjomba."

"Ningekuulizaje?"

"Ungeniuliza tu. Mimi nililala naye chumba kimoja. Mama alikuwa na kitu chake, kila mvua ikianza usiku ana—"

"Usiniambie."

"Kwa nini?"

"Nikikijua nitaona pengo la kukitia."

Lesieli akamtazama. Huenda alisubiri acheke. Kisha akafunga mdomo, na alichotaka kusema akabaki nacho.

Wimbo wa mama bado unauzwa. Wiki ile ile walinunua watu wawili waliokuwa wameusikia pale pale mazikoni. Lesieli aliuliza kama wabadilishe vile vitu vya kujazia mapengo, Feleti akajibu kwamba hana vingine.

Msimu ulipofika alichimba viazi vikuu vya kwanza, na kwa kuwa dada hayupo, alimpelekea Lesieli pale pale nyumbani kwa mama yake. Alivishusha barazani, akaketi kwenye ngazi, akaupa mlango mgongo.

"Ingia ndani, mjomba," Lesieli alimwita. "Mimi si mama. Ingia, mvua hiyo inakuja."

Hakuingia. Matone ya kwanza yalipiga bati, naye akakaa palepale akisikiliza ndani, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo. Lesieli aliwasha taa, akafunga madirisha moja baada ya jingine, na hakusema neno.