Mfalme wa Sukuma Wiki

Folkert Harms alipobadilishiwa vali ya moyo, akawekewa ya chuma, hakuogopa kisu. Aliogopa sukuma wiki. Daktari alimweleza kwamba damu hupenda kuganda kwenye chuma, bonge likipanda kichwani ni kiharusi, kwa hiyo atameza vidonge vya kuifanya nyepesi maisha yake yote. Na mboga za majani, zikiliwa kwa pupa, huvikata vidonge hivyo nguvu.

Kwingine lingekuwa jambo dogo. Lakini kule Ammerland, kaskazini mwa Ujerumani, baridi ikishayachoma majani ya sukuma wiki mashambani, watu hujifunga skafu, huandamana na kigari cha vinywaji hadi mgahawani, kisha hula mboga hiyo na soseji mpaka mikanda ifunguliwe. Anayewashinda wote huitwa mfalme na huvishwa mkufu wenye taya la nguruwe. Folkert, aliyeendesha lori la maziwa hadi kustaafu, alikuwa ameuvaa mara nyingi kuliko yeyote aliye hai.

Jumatatu moja ya Januari alikwenda kliniki kupimwa. Muuguzi Wiebke akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akanyanyua nyusi.

"Damu imekuwa nzito, mzee. Umekula nini?"

"Viazi."

"Viazi tu?"

"Na supu kidogo. Muulize mke wangu."

"Mzee Folkert, Jumamosi nilikaa meza ya nyuma yako. Sahani nne! Mimi mwenyewe nilikupigia makofi."

Folkert akacheka hadi pamba ikamdondoka kidoleni. Kisha akaitazama pale sakafuni.

"Mkisema niache, nitaacha, dada. Ila wenzangu niliokuwa nikiandamana nao wengi wako makaburini. Siku ile nikibaki nyumbani, nitajiona nimeshawafuata."

Wiebke akaenda kumwita daktari.

Daktari akaandika sindano za siku chache, akaongeza vidonge, halafu akavuta kiti.

"Sikukatazi mboga. Nakukataza kuisusa mwaka mzima halafu kuifanyia kufuru siku moja. Kula sahani moja kila wiki, hata ya kwenye friza. Vidonge tutavilinganisha na sahani hiyo."

"Moja?"

"Moja. Na kwenye sherehe vilevile."

Akatii. Januari iliyofuata aliandamana na wenzake, akala sahani yake polepole, akaweka uma chini. Meza nzima ikamzomea.

"Umeshiba, mfalme?" akauliza mkewe, Gesine.

"Nimeshiba, mke wangu."

"Basi sogeza sufuria huku."

Walipomaliza kuhesabu sahani, Folkert alivua mkufu alioutwaa mwaka uliotangulia na kumvisha mkewe kwa mikono yake mwenyewe, akachelewa kidogo kuuachia.

Jumatatu kipimo kilikuwa mahali pake hasa.

"Umekula nini?" akauliza Wiebke.

"Sahani moja."

"Najua. Nilikuwa nakuchunga. Na malkia hajambo?"

"Amelala chali tangu juzi," akasema Folkert, akibonyeza pamba kidoleni. "Anasema ufalme ni mzigo."